Mto Sabaki: Unakotoka, Uliyoyaona, na Udongo Unaouchukua

Wakulima wa Adu, Marafa, Mambrui na Magarini yote wanaujua mto Sabaki. Wengine hulima kandokando yake, wengine hupeleka ng'ombe kunywa huko wakati wa kiangazi, na wengine, hasa wakaao mbali kama watu wa Adu, hunywa maji yake kwa mfereji, au huuona tu wanapovuka daraja kwenda Malindi. Lakini si wengi wanaojua maji hayo yanatoka wapi, ni watu gani waliogombea kingo zake zamani, na kwa nini maji yake ni mekundu. Mambo haya yafaa yajulikane na kila mkulima, kwa sababu wekundu ule si rangi ya maji. Ni udongo wa mashamba.

MTO MMOJA, MAJINA MATATU

Sabaki ni mto wa pili kwa ukubwa katika Kenya, baada ya mto Tana. Nchi inayomwaga maji yake katika mto huu ina eneo la kilometa za mraba 70,000 hivi. Kwa hiyo mvua ikinyesha mbali sana, mahali ambapo wewe hujapata kufika, maji yake yatapita kwako.

Mto huanza karibu na Nairobi, katika vilima vya Ngong na miteremko ya Kiambu. Vijito vingi hukutana huko: Mbagathi, Nairobi, Ruiru, Ndarugu na vinginevyo. Hapo mto huitwa Athi. Huelekea kwanza mashariki, hupita katika maporomoko kumi na manne karibu na mlima Ol Donyo Sabuk, kisha hugeuka kusini-mashariki na kupita katika nchi ya Wakamba. Upande wake mmoja una ukuta mrefu wa mawe, nao ni uwanda wa Yatta. Ukuta huo ulifanywa na moto wa volkeno uliotiririka zamani za kale ukaganda, na urefu wake ni kilometa 290 hivi. Ni katika mirefu ya namna hiyo duniani.

Ndani ya mbuga ya wanyama ya Tsavo Mashariki, Athi hukutana na mto Tsavo, ambao hupata maji yake upande wa Kilimanjaro na katika chemchemi za Mzima, chini ya vilima vya Chyulu. Kutoka hapo mto huitwa Galana. Katika lugha ya Waorma, galana maana yake ni mto. Galana hukata nyika kavu, hupita katika mawe ya maporomoko ya Lugard, kisha huingia katika nchi ya Wagiriama. Hapo ndipo tunapouita Sabaki. Huteremka kwa Chakama, Baricho na Kakoneni, na mwisho huingia baharini kaskazini ya mji wa Malindi, kabla ya kufika Mambrui.

Basi kumbuka jambo hili: maji ni yale yale, majina ndiyo yaliyo mbalimbali. Mtu wa Nairobi akitupa taka katika mto wake, ameutupia mto wa Malindi. Mtu wa Machakos akiacha shamba lake lichukuliwe na mvua, udongo wake utaonekana katika bahari ya Mambrui. Vivyo hivyo, yanayotendwa Marafa na Adu yanamfikia mvuvi wa pwani.

Jina la mto huu limekwenda mbali kuliko maji yake. Wataalamu wa lugha walipochunguza undugu wa lugha za pwani, waliona kwamba Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo na lugha za Visiwa vya Komoro zilitoka katika lugha moja ya kale. Jamii hiyo ya lugha wameiita Sabaki, kwa jina la mto huu.

WATU WA KALE KANDO YA MTO

Mwaka 1154 mwanachuoni Al-Idrisi alimaliza kitabu cha jiografia kwa ajili ya mfalme wa Sicily. Ndani yake aliutaja mji wa Malindi, kwamba ulikuwa mji mkubwa kando ya bahari, kwenye mlango wa mto wa maji matamu, na watu wake walikuwa wawindaji, wavuvi na wafua chuma. Wachunguzi wengine wanadhani mji alioutaja ulikuwa pale ilipo Mambrui leo, wengine wanasema ni Malindi yenyewe. Lakini mto ni huu wetu. Mwaka 2010 wachunguzi wa mambo ya kale kutoka China, wakifanya kazi pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walichimba Mambrui wakapata sarafu ya kichina ya wakati wa mfalme Yongle, aliyetawala tangu 1402 hata 1424. Inajulikana pia kwamba wajumbe wa Malindi walifika China mwaka 1415, nao walipeleka twiga kuwa zawadi. Na mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika, alipokelewa vizuri na mfalme wa Malindi.

Mji ule haukudumu katika utajiri wake. Mwisho wa karne ya kumi na sita wafalme wa Malindi walihamia Mombasa, na baadaye mji ukaanguka ukawa magofu. Bara yake, hasa kaskazini ya Sabaki, ilikuwa malisho ya Waoromo, ambao watu wa pwani waliwaita Wagala. Ndani ya misitu walikaa Wawaata, wawindaji hodari wa kutumia mishale ya sumu. Wamijikenda walikaa kusini, katika makaya yao. Kwa muda mrefu mto ulikuwa mpaka. Mkulima hakuthubutu kuvuka kwenda kulima, kwa hofu ya wachungaji wenye mikuki.

Katika karne ya kumi na tisa nguvu za Waoromo zilipungua, kwa sababu ya vita na Wamasai na Wasomali. Ndipo nchi ya kaskazini ikafunguka.

NAFAKA NA WATUMWA

Katika miaka ya 1860 Sultani wa Unguja aliufufua mji wa Malindi. Waarabu na Waswahili walikuja kufungua mashamba makubwa, na kwa miaka michache nchi iliyokuwa pori ikawa ghala ya pwani. Mtama na ufuta wa Malindi ulipakiwa majahazini kwenda Unguja na Uarabuni. Ndugu mkulima, usidanganyike ukafikiri kwamba neema ile ilitoka katika rutuba peke yake. Ilitoka katika jasho la watumwa, walioletwa kutoka mbali, wakafanya kazi kwa safu toka asubuhi hata jioni, bila ujira.

Wengi hawakukubali. Walitoroka, na njia yao ilikuwa kuelekea bara. Watoro hao walijenga vijiji vyao wenyewe porini. Kimoja kilikuwa Makongeni, kando ya Sabaki, na kingine kilikuwa Fuladoyo, kusini yake. Walilima chakula chao, wakajenga maboma, wakakaa tayari kupigana na wale waliowafuata. Mwaka 1890 Mwingereza Frederick Lugard alipopanda na mto akijenga vituo vya Kampuni ya Waingereza, alipita katika vijiji hivyo na kukuta watu wengi wenye uhuru waliojipatia wenyewe. Utumwa ulikomeshwa kwa sheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na mashamba mengi yaliyotegemea watumwa yakarudi kuwa vichaka.

VITA VYA NG'AMBO YA SABAKI

Katika miaka ya 1890 Wagiriama wengi walivuka mto kwenda kaskazini. Mashamba ya kusini yalikuwa yamechoka na watu wamezidi. Ng'ambo waliona udongo mpya. Walilima mahindi na mtama, wakafuga mbuzi na ng'ombe, wakavuna kupita haja yao na kuuza nafaka iliyobaki. Marafa ikawa na watu na nguvu. Hivyo ndivyo nchi ya Magarini ilivyopata wakulima wake.

Mafanikio hayo ndiyo yaliyoleta mashaka. Walowezi wa Kizungu walikuwa wameanzisha mashamba ya pamba na mpira karibu na pwani, nao walitaka vibarua. Lakini mtu mwenye shamba zuri na ghala iliyojaa, ana haja gani ya kwenda kulima shamba la mwingine kwa rupia chache? Serikali ya wakati ule iliona kwamba Wagiriama hawatatoka kufanya kazi maadamu wanayo nchi ya kaskazini. Basi ilifikiri kuwaondoa, ili wabanane kusini katika udongo uliochoka, shida iwasukume kutafuta kazi.

Mwaka 1913 mama mmoja mjane, Mekatilili wa Menza, alizunguka vijijini akiwakusanya watu kwa ngoma ya kifudu. Akawaambia wasitoe vijana wao kwa kazi za Wazungu, wala wasikubali kuachana na desturi zao. Pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola aliwaapisha watu viapo katika Kaya Fungo. Wote wawili walikamatwa wakapelekwa Kisii, mbali kabisa upande wa magharibi wa nchi. Mwaka 1914 walitoroka wakarudi kwao kwa miguu, mwendo wa mamia ya kilometa katika nchi wasiyoijua. Baadaye walikamatwa tena.

Mwezi wa Agosti 1914 serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Vita vikawaka pande zote. Askari wa King's African Rifles walipita wakichoma nyumba na kuteka mbuzi kwa maelfu. Wagiriama walikuwa na mishale, wenzao walikuwa na bunduki. Walipokubali amani walitozwa faini ya rupia 100,000, wakatakiwa kutoa vibarua 1,000, na sharti kubwa kuliko yote: watoke ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki, warudi kusini. Nyumba na maghala waliyoacha nyuma yalichomwa. Watu walivuka na watoto na vyombo vyao kwenda mahali pasipo na mashamba ya kutosha, na njaa ikafuata.

Lakini serikali yenyewe iliona hasara. Nafaka iliyokuwa ikitoka kaskazini ilikoma, kodi haikupatikana, na watu walivuka usiku kurudi. Kabla ya miaka ya 1920 Wagiriama waliruhusiwa kurudi kwenye mashamba yao ng'ambo ya mto. Mekatilili naye alirudi kwao, na alipofariki, katika miaka ya 1920, alizikwa Bungale, hapa hapa Magarini. Kila mwaka watu hukumbuka kazi yake.

Tumeieleza habari hii kwa urefu kwa sababu maalumu. Shamba lako la kaskazini ya Sabaki si shamba lililookotwa. Wazee wako walilitoka kwa nguvu ya bunduki, wakalirudia kwa ukaidi wao. Yafaa basi tujiulize: shamba ambalo bunduki haikuweza kulichukua, tutaliacha lichukuliwe na mvua?

TUMBAWE LILILOANDIKA KUMBUKUMBU

Katika bahari ya Malindi kuna matumbawe, nayo yalihifadhiwa kwa sheria tangu 1968 katika hifadhi ya bahari. Tumbawe hukua polepole, tabaka juu ya tabaka, mwaka baada ya mwaka, kama pete za mti. Udongo wa mto unapoingia baharini, huleta madini yaitwayo bariamu, na kidogo chake huingia katika mwili wa tumbawe. Mwaka wenye udongo mwingi huacha bariamu nyingi. Mwaka wenye udongo haba huacha kidogo. Wataalamu wakilitoboa tumbawe la kale na kupima tabaka zake, wanaweza kusoma habari za mto kama mtu asomaye daftari.

Wataalamu walifanya hivyo kwa tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300, na habari zake zikachapishwa mwaka 2007. Waliona hivi. Tangu 1700 hata 1900, udongo ulioletwa na Sabaki ulikuwa karibu ule ule, haukuzidi wala kupungua sana. Tangu 1900 ukaanza kupanda, na ukaendelea kupanda. Kati ya 1974 na 1980 ulifikia kilele, mara tano mpaka mara kumi ya kiasi cha asili.

Sababu zake si siri. Watu waliongezeka sana, misitu ilikatwa, ardhi ya milimani na ya nyika ililimwa na kulishwa bila mpango, na mwanzo wa miaka ya 1970 ukame mkali uliua majani. Mvua ilipokuja ilikuta ardhi uchi.

Udongo huo huenda wapi? Wakati wa kusi, maji mekundu husukumwa kuelekea Mambrui na kaskazini. Wakati wa kaskazi, hurudi kusini mpaka ghuba ya Malindi na kwenye matumbawe. Mchanga umejaa ghuba, na ufuko wa Malindi umepanuka kuelekea baharini kuliko wazee walivyoujua. Tumbawe likifunikwa na tope hushindwa kupata mwanga na kufa, na samaki wakaao humo huhama. Kwa hiyo udongo uliokuwa ukikuletea mahindi, ukishatoka shambani haumletei mwenzako samaki. Umekuwa hasara kwa wote wawili.

NYARI INATUFUNDISHA

Huna haja ya kwenda Malindi kuona nguvu ya maji. Nenda Marafa ukaone shimo la Nyari. Ni bonde lenye kuta za mchanga wa rangi nyingi, nyekundu, njano, nyeupe na waridi, na nguzo kama minara. Wageni hulipa kuliona. Wazee husimulia kwamba palikuwa na watu matajiri mno, wakioga kwa maziwa ya ng'ombe zao badala ya maji, na Mungu akawaadhibu kwa kuipasua ardhi chini ya nyumba zao.

Wataalamu wa ardhi husema kwamba lile ni korongo lililochimbwa na mvua na upepo katika mchanga laini. Lakini yafaa usidharau hadithi ya wazee, kwa maana ina hekima. Inasema kwamba mwenye kuchezea neema, ardhi humkimbia. Na mkulima ye yote wa Marafa anajua kwamba kuta za Nyari bado zinabomoka kila mvua kubwa. Korongo dogo lililo nyuma ya boma lako, lenye kina cha goti, ni mtoto wa Nyari. Ukimlisha, atakua.

Fikiri hesabu hii. Eka moja ikipoteza udongo wa unene wa milimita 1 tu, yaani kiasi usichoweza kukiona kwa macho, umepoteza tani 5 hivi. Na ni udongo wa juu, wenye samadi na majani yaliyooza. Mvua moja kali katika shamba lililolimwa kuelekea mteremko yaweza kuchukua kupita hapo.

MAJI MENGI MTONI, KIU SHAMBANI

Nchi ya Magarini ina ajabu yake. Mto wa pili kwa ukubwa katika Kenya unapita, na watu bado wana kiu. Mwaka 1978 ulianza mpango mkubwa wa makazi ya wakulima wa Magarini, uliosaidiwa na serikali ya Australia mpaka mwisho wa miaka ya 1980. Mapori yalifyekwa kwa mashine, watu wakagawiwa mashamba, barabara zikakatwa. Lakini maji yalikuwa shida tangu mwanzo, kwa kuwa visima vingi vilivyochimbwa vilitoa maji ya chumvi. Na pale palipofyekwa pote kwa mara moja, mvua ilianza kazi yake ya kubeba udongo. Mpango ulikwisha bila kufikia yale yaliyotumainiwa. Fundisho lake ni kwamba mashine huweza kufungua shamba kwa siku moja, lakini haziwezi kulishika.

Maji ya mfereji tunayoyapata pwani hutoka Baricho. Huko hayachotwi mtoni moja kwa moja. Yametobolewa visima katika mchanga wa kando ya mto, na mchanga huo huchuja tope. Maji hayo hufika Malindi, Kilifi na mpaka Mombasa. Mwaka 2014 ulianzishwa tena mradi wa Galana-Kulalu, wa kumwagilia mahindi kwa maji ya mto, kwa kuanza na shamba la mfano la eka 10,000. Na mwaka 2018 ulianza ujenzi wa bwawa la Thwake, huko Ukambani, mahali mto Thwake unapokutana na Athi. Haya yote hugawana maji ya mto mmoja. Wakati wa kiangazi yatapungua, na wakati wa mvua kubwa mto utapanda juu ya kingo zake, kama ulivyofanya mwaka 1961, 1997 na 2023, ukachukua mashamba ya bondeni, mifugo na nyumba.

Watu wa Adu, walio mbali na mto, hutegemea masilanga. Silanga hujazwa na maji ya mvua yanayotiririka juu ya ardhi. Lakini maji hayo yakipita katika ardhi uchi huingia na tope, na silanga lililochimbwa kwa jasho la kijiji hujaa udongo kabla ya miaka mingi. Kwa hiyo kuhifadhi udongo si jambo la kuwafaa wavuvi wa Malindi tu. Ni maji yako mwenyewe ya kunywa.

WENZETU WA MACHAKOS WALIVYOFANYA

Wengine husema, "Mto ni mkubwa, mimi ni mtu mmoja, nitafanya nini?" Wajibiwe kwa habari ya Machakos.

Katika miaka ya 1930 nchi ya Machakos ilikuwa imeharibika sana. Vilima vilikuwa vyekundu, vimejaa makorongo, na wataalamu waliandika kwamba imekwisha. Serikali ya kikoloni ilitumia amri. Mwaka 1938 ilinyang'anya watu ng'ombe ili kupunguza mifugo, na Wakamba kwa maelfu wakaenda Nairobi kumwona Gavana, wakiongozwa na Muindi Mbingu, hata ng'ombe wakarudishwa. Baadaye watu walilazimishwa kuchimba matuta, nao wakayachukia kama mtu achukiavyo kazi ya kufungwa.

Lakini mkulima alipoona kwamba shamba lenye matuta lina unyevu baada ya jirani kukauka, aliyachimba mwenyewe bila askari. Akina mama walishirikiana katika vikundi vya mwethya, leo shamba la huyu, kesho la yule. Walitumia tuta la "fanya juu", yaani mtaro huchimbwa kuvuka mteremko, na udongo wake hutupwa upande wa juu. Watafiti walioandika habari za Machakos mwaka 1994 walionyesha kwamba watu walikuwa wameongezeka sana tangu miaka ya 1930, na mmomonyoko ulikuwa umepungua. Amri haikutosha. Faida iliyoonekana kwa macho ndiyo iliyofanya kazi.

YAKUPASAYO KUFANYA

1. Lima kuvuka mteremko, usilime kuufuata. Kupata mstari ulio sawa, tengeneza kipimo cha herufi A. Chukua miti miwili yenye urefu wa meta 2, ifunge pamoja juu, na katikati funga mti wa tatu kuikingama. Kutoka juu ning'iniza uzi wenye jiwe. Simamisha miguu juu ya vigingi viwili, tia alama mahali uzi unapogusa mti wa katikati. Geuza kipimo, mguu wa kulia uwe mahali pa ule wa kushoto, utie alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo pa usawa. Sasa tembea nacho shambani, ukipigilia kigingi kila uzi unapokaa hapo.

2. Katika mistari hiyo weka kizuizi. Kama udongo wako ni mgumu, chimba fanya juu, upana sentimeta 60 na kina sentimeta 60. Kama ni mchanga unaobomoka, mtaro hautakaa. Panda mistari ya majani ya tembo au majani mengine yenye mizizi mingi, na ng'ombe watapata chakula. Kama huna miche, panga mabua ya mahindi na matawi baada ya mavuno. Usiyachome.

3. Kunde na pojo zipandwe kati ya mahindi mapema. Majani yake hufunika ardhi na kuvunja nguvu ya matone.

4. Ukingo wa mto usilimwe. Kanuni za mazingira zinataka meta 6 mpaka 30 ziachwe kila upande, kwa kadiri ya upana wa mto, kutoka mahali maji ya mafuriko yanapofikia. Hata bila kanuni, anayelima mpaka majini hupanda mbegu za kulishia samaki. Tena huko ndiko kuna viboko na mamba.

5. Mifugo wasiteremke mtoni au silangani kwa njia moja kila siku. Njia ya ng'ombe ndiyo korongo la kesho. Juu ya silanga chimba shimo dogo la kunasa mchanga, nalo lizolewe kila mwaka kabla ya mvua.

6. Miti ya msitu wa Dakatcha, hasa mirihi, inashika udongo wa Marafa na Adu. Makaa huleta fedha ya wiki moja, na mteremko ulioachwa uchi huleta korongo la miaka mia. Anayefyeka kwa mananasi aache mikanda ya miti kuvuka mteremko.

7. Korongo dogo lizibwe sasa. Anza juu, penye kichwa chake, si chini. Panga mawe na matawi kwa hatua, upande majani nyuma yake. Usingoje liwe Nyari.

8. Maji ya mto yachemshwe kabla ya kunywewa, hata yakionekana safi. Yamepita miji mingi kabla ya kukufikia.

Kazi hii ni nzito kwa mtu mmoja, ni nyepesi kwa watu kumi. Wagiriama wanayo desturi ya mweria, watu kushirikiana kulimiana. Kikundi kichague shamba moja la mfano kabla ya mvua, na Bwana Shamba aitwe kuonyesha jinsi ya kupima. Mvua ya kwanza ikinyesha, nendeni wote mkatazame maji yanayotoka katika shamba hilo na yanayotoka katika shamba la jirani. Chotweni kila moja katika chupa, mzisimamishe kando kwa kando mpaka jioni. Tope litakaloshuka chini ya chupa litawaambia ninyi wenyewe ni nani aliyebaki na shamba lake, na ni nani aliyelipeleka baharini.